Pumzi ya Mja Mzito na Hukumu ya Chungu

Swali ninalotaka kulizungumza halikunijia kutoka katika kitabu. Lilinijia jikoni, katika nyumba moja ya Lusangi, nchi ya Kasongo na Kabambare iliyo kusini ya Maniema, jioni ya siku ya mvua ambapo kuni zilikuwa mbichi na moshi wake umetanda chini ya paa hata sote tuliokuwa tumeketi tulikuwa tukitokwa na machozi. Mke kijana wa ndugu yangu mmoja, aliyekuwa katika mwezi wa saba wa mimba yake ya kwanza, alikuwa kando ya mafiga akipumua kwa kinywa, maana pua yake ilikuwa imeziba tangu mwezi wa tano, usiku na mchana, pasipo homa wala kikohozi wala maumivu ya koo. Mama mkwe wake, ambaye namtaja kwa heshima kwa kuwa ni mwanamke aliyewapokea watoto wengi wa kijiji kile kwa mikono safi na moyo wa huruma, aliinama akaliondoa bakuli la kambale lililokuwa mbele ya mkwewe, akanena kwa upole: “Mwanangu, samaki huyu ana utelezi, na utelezi wake ndio uliokupanda puani. Umwache mpaka uzae.”

“Ndiyo, mama,” akaitika yule kijana, akarudi kwenye ugali wake na sombe ya majani ya muhogo.

Baadaye nilipata habari kwamba yai lilikuwa limekwisha kuondolewa zamani, asije akazaliwa mtoto asiye na nywele, na kwamba nyama ya mbuzi nayo ilikuwa imeanza kutiwa shaka. Kila taabu mpya ya mwili ilikuwa ikiondoka na chakula kimoja, hata sahani ya mtu aliyebeba roho mbili ilikuwa imebaki haba kuliko sahani ya mtu mwenye roho moja.

Usiku ule nilimsikia, upande wa pili wa ukuta wa udongo, akiamka mara kwa mara kutafuta pumzi, akiketi kitako, akipenga, akilala tena. Sikuwa na shaka juu ya mapenzi ya mama mkwe. Mapenzi yake yalikuwa dhahiri kama mchana. Shaka yangu ilikuwa juu ya hukumu yake. Ni kwa haki gani binadamu hukihukumu chakula, na nyuma ya chakula humhukumu aliyekila, kwa taabu ambayo yamkini haikutoka katika chakula kabisa? Hili ni swali la tiba, lakini si la tiba peke yake. Ni swali la namna tunavyoijua sababu ya jambo, na ni swali la dini pia, kwa kuwa kila anayeharimisha kitu lazima aulizwe ruhusa ya kuharimisha ameipata kwa nani.

Tuanze na pua yenyewe. Waganga wa zama zetu wameitambua taabu hii ya wenye mimba na kuipambanua na mafua: ni kuziba kwa pua kunakodumu majuma sita au zaidi, pasipo dalili ya maradhi mengine ya kifua au koo, na kunakoondoka kwenyewe kabisa katika muda wa majuma mawili baada ya kuzaa. Humpata mja mzito mmoja katika kila watano, au karibu ya hapo. Asili yake haijafafanuliwa yote, lakini yaliyo wazi yatosha kwa hoja yetu. Katika mimba damu ya mama huongezeka hata kukaribia nusu ya kadiri yake ya kwanza; homoni za mimba, na baadhi yake hutoka katika kondo la nyuma, hulegeza mishipa na kuamsha tezi za ute; na utando wa ndani ya pua, ambao umejaa mishipa midogo kama tope la mtoni lilivyojaa mizizi, huvimba kwa wingi wa damu hiyo, njia ya hewa ikawa nyembamba. Kwa neno jingine, pua huziba kwa kazi ile ile inayomlisha mtoto. Hakuna chakula kilichothibitishwa kuwa ndicho kiletacho taabu hii: si kambale, si yai, wala si maziwa, ambayo watu wa nchi nyingi huyashutumu kwamba huzidisha kamasi.

Lugha ya Kiarabu, iliyotuazima maneno mengi sisi wasemaji wa Kiswahili tangu pwani hata huku Maniema, ina mzizi mmoja unaozaa maneno matatu ambayo ni vigumu kuyasikia pamoja pasipo kutafakari. Pumzi huitwa nafas; roho ya mtu, au dhati yake, huitwa nafs, nasi tukasema nafsi; na siku za damu baada ya kuzaa huitwa nifas, nasi tukasema nifasi. Pumzi, nafsi na uzazi vimo katika kokwa moja. Mwenye mimba anayelala akiitafuta pumzi yake ataipata tena katika siku za nifasi yake, mara nafsi ya pili ikiisha kujitenga naye na kuvuta pumzi yake ya kwanza. Sisemi kwamba wajuzi wa lugha waliliona jambo hili la pua. Nasema tu kwamba lugha imeviweka karibu vitu ambavyo mwili nao umeviweka karibu.

Sasa nirudi kwenye hukumu ya bakuli. Mama mkwe alikuwa na hoja, na haifai kumdhania kwamba alisema ovyo. Aliona mambo mawili yamefanana, utelezi wa samaki na kamasi ya mgonjwa, na aliona mambo mawili yamefuatana, kula kwanza na kuziba baadaye. Katika kufanana na kufuatana ndimo sehemu kubwa ya maarifa ya binadamu ilimoanzia, na ndimo sehemu kubwa ya makosa yake ilimokaa vilevile. Wazee wetu wa pwani, waliorithi tiba ya Kiyunani kwa mikono ya Waarabu, waliupima kila mwili na kila chakula kwa mizani ya hari, baridi, yabisi na rutuba, na katika mizani hiyo ute wa kambale na kamasi ya mtu hukaa katika kitanga kimoja, cha baridi na rutuba. Ilikuwa elimu yenye mpango, na wenye akili kubwa waliifuata kwa karne nyingi. Lakini mpango mzuri wa fikira si ushahidi, na jambo hili wanafalsafa wa Kiislamu walilijadili kwa ukali kabla Kasongo haijapata jina katika ramani za wageni.

Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alichukua mfano wa pamba na moto. Tunaona, alisema, kwamba pamba ikikutana na moto huungua; lakini macho yetu hayaoni zaidi ya kuungua wakati wa kukutana. Kwamba moto ndio uliounguza, kwa lazima isiyoepukika, hilo hatulioni. Tunalitia sisi wenyewe kwa mazoea, na Mwenye kuunguza kwa hakika ni Mungu. Ibn Rushd wa Andalusi, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwamba anayeondoa sababu ameondoa akili, maana kujua kitu ni kujua sababu yake, na tabia za vitu zisipokuwa na uthabiti basi hata elimu haina pa kusimama. Watu wamezoea kuwasoma wawili hawa kama mahasimu wasiopatana, nami sina kimo cha kuwasuluhisha. Lakini mbele ya bakuli la kambale naona wote wawili wanakataa hukumu ile ile. Al-Ghazali anatuonya kwamba kukutana kwa vitu viwili si dalili ya kwamba kimoja kimelazimisha kingine. Ibn Rushd anatudai tukiisha kutaja sababu tuonyeshe tabia ya kitu inayoleta athari hiyo. Nani aliyeonyesha tabia hiyo ya samaki, atokaye tumboni akapanda puani akakaa miezi miwili, ilhali mume, na babu, na watoto watano wa nyumba ile walikula chungu kile kile na pua zao ni wazi?

Jambo linalonishika zaidi ya yote ni maneno mawili ya mwisho ya mama mkwe: “mpaka uzae.” Msomaji na ayapime vizuri. Taabu yenyewe, kama tulivyoona, huondoka yenyewe baada ya kuzaa. Mwiko umewekewa kikomo hicho hicho. Basi mwenye mimba akiacha samaki na pua ikabaki imeziba, ataambiwa avumilie, siku bado. Na akiisha kuzaa, pua ikafunguka katika juma la kwanza au la pili, mwiko utahesabiwa kuwa umefanya kazi. Na kama alikula kwa siri, kuziba kote kutatokana na siri yake. Hakuna njia ambayo mwiko huu unaweza kushindwa, na kwa sababu hiyo haujapata kamwe kushinda. Hukumu isiyoweza kukanushwa na tukio lolote haitufundishi lolote juu ya matukio, hata ikirithiwa na vizazi kumi. Ndivyo miko mingi ya uzazi ilivyodumu: kwa kuegemezwa ukutani mwa muda ambao maumbile yenyewe yameujenga.

Haifuati kwamba kinywa cha mwenye mimba hakina uhusiano wowote na pumzi yake. Ushahidi wa kinyume umeandikwa huku huku kwetu. Mwaka 1870 David Livingstone, aliyekwama Kabambare kwa miezi kadhaa kwa ajili ya vidonda vya miguu, mahali alipopaandika kwa tahajia yake kuwa Bambarre, aliandika katika daftari lake habari za safura, ugonjwa wa kula udongo, ambao watu wa Unguja waliujua kwa jina hilo. Alisema miguu huvimba, nyama za mwili hupungua, uso hukonda, na mgonjwa hawezi kutembea ila kwa shida kwa kukosa pumzi na nguvu. Na alikanusha dhana ya kwamba ni maradhi ya watumwa tu, au kwamba watumwa hula udongo ili wajiue, kwa kuwa hata matajiri wenye chakula tele walipatwa. Kisha akaongeza kwamba wanawake wa Maniema wakiwa na mimba huula mara nyingi.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara imenitia huzuni na kunifundisha. Hapa yuko mwanamke wa nchi yetu, zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita, mwenye mimba na asiye na pumzi, na kinywani mwake mna udongo. Mtu wa nje angeweza kusema upesi: udongo ndio uliomwondolea pumzi. Na tiba ya leo ingemjibu: polepole. Hamu ya udongo aghalabu huandamana na upungufu wa damu, na upungufu wa damu huletwa na uhaba wa madini ya chuma katika chakula, na minyoo ya tumboni, na homa ya malaria. Na udongo ukiliwa kwa wingi huweza kuyazuia madini hayo yasiingie mwilini na kuzidisha upungufu uleule ulioamsha hamu. Hapo athari na sababu zimeshikana mikono hata huwezi kuzitenga kwa kutazama mara moja. Zaidi ya hayo, dawa ya watu wa pwani aliyoieleza Livingstone ilikuwa na siki kuukuu ya mnazi ambamo mavi ya chuma yaliyotiwa moto hata yakawa mekundu yalitumbukizwa. Siki hula chuma. Mganga yule hakujua neno lolote la kemia wala la chembe nyekundu za damu, naye alikuwa akimnywesha mgonjwa chuma. Nasema haya ili nisionekane kuwa nayadharau maarifa ya wazee. Nayaheshimu kiasi cha kutaka yapimwe, lililo kweli lishikwe kwa nguvu, lililo dhana liachwe liende zake.

Na ule uhaba wa chakula katika sahani ya Lusangi nauogopa kwa sababu hiyo hasa. Kuziba kwa pua ni taabu, lakini hakuui. Kukosa damu huua. Kambale, yai na nyama ya mbuzi ni vyakula vya kujenga mwili ambavyo nyumba ya mkulima hupata kwa nadra, na nyama ndiyo inayotoa madini ya chuma kwa njia ambayo mwili huyapokea kwa wepesi kuliko yale ya majani. Sombe ni chakula chema, kikiwivishwa vizuri na kutiwa mawese hulisha; lakini sombe peke yake, siku baada ya siku, pasipo samaki wala yai, haimtoshi mwanamke ambaye damu yake inatakiwa iongezeke kwa karibu nusu. Tukimwondolea samaki kwa ajili ya pua, tumemtibu ugonjwa usiotokana na samaki kwa kumletea ugonjwa utokanao na kukosa samaki. Naye siku ya kuzaa, damu ikimwagika, ndipo tutakapolipa deni la mabakuli yote tuliyoyaondoa.

Kasongo yenyewe iliwahi kuufundisha ulimwengu somo la unyenyekevu juu ya tumbo la mwanamke. Katika miaka ya 1970 waganga wa Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Antwerp walifanya kazi huko, katika hospitali na vituo vya afya vya vijijini, na miongoni mwa mambo waliyoyahesabu ni hili: je, kwa kutazama habari za uzazi uliopita wa mwanamke, tunaweza kujua mapema nani atakwama katika kuzaa? Matokeo yake yalinukuliwa baadaye katika nchi nyingi. Kati ya waliotiwa alama ya hatari, wapatao 90 katika kila 100 walizaa pasipo kukwama. Na kati ya waliokwama kwa kweli, 71 katika kila 100 hawakuwa wametiwa alama yoyote. Waganga wenye elimu, wenye vipimo na madaftari, waligundua kwamba dalili waliyoitegemea haikujua nusu ya yaliyokuwa yakija. Hawakuona haya kulitangaza jambo hilo. Kama wao walikuwa tayari kuhesabu na kukiri, sisi tuna udhuru gani wa kuishika hukumu ya utelezi ambayo hakuna aliyeihesabu hata mara moja?

Nageukia dini, kwa kuwa katika nchi ya Kasongo na Kabambare miko mingi huvishwa kanzu ya dini, ijapokuwa haikuzaliwa msikitini wala kanisani. Muislamu anajua kwamba kuharimisha ni haki ya Mungu, na kwamba aliyeharimisha kilicho halali amejitwika mzigo mzito kama aliyehalalisha kilicho haramu. Anajua pia habari ya Maryam katika sura inayoitwa kwa jina lake: katika uchungu wa kuzaa, peke yake, chini ya mtende, hakuambiwa aache chakula chochote, aliambiwa ale tende mbivu, anywe maji, na moyo wake utulie. Naona ajabu kubwa katika mpangilio ule. Chakula, kinywaji, na utulivu wa moyo, vyote vitatu katika amri moja. Mkristo naye ana habari ya mama yake Samsoni katika kitabu cha Waamuzi, aliyeambiwa na malaika, kabla ya kuchukua mimba, ajihadhari asinywe divai wala kileo, wala asile kitu najisi. Kileo kilikatazwa kwa jina lake. Samaki wa mtoni hakutajwa kwa jina.

Kadhalika katika sharia ya saumu, ambayo Waislamu wa Maniema huifuata kwa madhehebu ya Shafi, mwenye mimba anayeogopa madhara ameruhusiwa kula mchana wa Ramadhani. Akiogopa juu ya nafsi yake, atalipa siku tu. Akiogopa juu ya mtoto peke yake, atalipa siku na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Wanavyuoni waliopambanua hivyo walikuwa wakiitazama hofu ya mama kama jambo la kweli lenye uzito katika mizani ya fikihi. Nguzo ya dini imelegezwa ili yeye ale. Ikiwa nguzo imelegezwa ili ale, mwiko usio na nguzo utakazwa kwa haki gani ili asile?

Na katika udhu wenyewe mna dawa ya pua ambayo hatuna haja ya kuitafuta mbali. Mtu anayetawadha hupandisha maji puani na kuyapenga mara tatu, na afungapo saumu huonywa asizidishe katika kupandisha. Waganga wa leo, wakimwona mja mzito aliyezibwa pua, humshauri kitu kilicho jirani sana na hicho: maji yaliyochemshwa yakapoa, yaliyotiwa chumvi kidogo, yapitishwe puani kwa upole asubuhi na jioni. Hayana madhara kwa mtoto, wala hayahitaji ruhusa ya duka la dawa. Humshauri pia ainue kichwa alalapo, na ajihadhari na zile dawa za kudondosha puani zinazofungua kwa upesi, maana zikitumiwa zaidi ya siku chache huifanya pua izibe zaidi ya kwanza.

Chakula kina sehemu yake, nami nisingekuwa mkweli kama ningeificha. Mchuzi wa kuku ulio moto hulainisha kamasi na kuifungua njia kwa muda mfupi. Musa bin Maimun, mganga wa Kiyahudi wa Misri katika karne ya kumi na mbili, aliusifu, na wanawake wa Lusangi huupika pasipo kumsoma. Pilipili hutoa machozi na kamasi papo hapo, lakini nafuu yake hupita pamoja na ukali wake, na tumboni mwa mwenye mimba huacha moto. Kula sana usiku na kulala mara hupandisha uchungu wa tumbo hata kooni, na baadhi ya watu pua zao huudhika kwa hilo; basi chakula cha jioni na kiliwe mapema. Maji yanywewe ya kutosha. Na kuna kinywaji kimoja ambacho huzivimbisha kwa hakika njia za pua, kikamdhuru na mtoto juu yake, nacho ni kileo, iwe bia ya chupa au lutuku ya kienyeji. Malaika wa kitabu cha Waamuzi alikwisha kuitaja sehemu hii.

Lakini nilipokuwa nikiyawaza haya usiku ule, nikisikia kukohoa kwangu mwenyewe, ndipo nilipotambua jambo ambalo sote jikoni tulikuwa tumelitazama pasipo kuliona. Tulikihukumu kilichokuwa ndani ya chungu. Hatukuuhukumu moto uliokuwa chini yake. Moshi ule uliotutoa machozi sote, wageni wa saa moja, alikuwa akiuvuta yeye mara mbili kila siku, akiwa ameinama juu ya mafiga, kwa pua iliyokwisha kuvimba kwa mimba. Na imejulikana kwamba wanawake wavutao sigara hupatwa zaidi na taabu hii ya pua kuliko wasiovuta. Pamba na moto vya Al-Ghazali vilikuwa mbele yetu, nasi tukashughulika na samaki. Kuni zikaushwe juani kabla ya kuwashwa. Meko ya mwenye mimba yahamishiwe uani, au mlango na dirisha viachwe wazi. Na bora kuliko yote, mtu mwingine wa nyumba ile ashike mwiko wa kupikia katika miezi ile. Najua kwamba shauri la mwisho ndilo zito, kwa sababu linamtaka mume au wifi atoe jasho, ilhali kumwondolea mkwe kambale hakumgharimu mtu yeyote isipokuwa mkwe mwenyewe.

Hapo nadhani tumefika kwenye mzizi wa jambo. Hukumu juu ya chakula cha mja mzito aghalabu ni hukumu iliyo rahisi kwa wote ila kwake. Anayetafuta sababu na akaikuta katika sahani ya mgonjwa amejipumzisha: hakuna kuni za kukausha, hakuna dirisha la kutoboa, hakuna fedha za kwenda kituo cha afya kupimwa damu. Mgonjwa ndiye mshitakiwa, na mgonjwa ndiye alipaye faini. Sidai kwamba mama mkwe wa Lusangi aliyawaza haya. Yeye mwenyewe alipokuwa na mimba aliondolewa vivyo hivyo, na aliitika “Ndiyo, mama” vivyo hivyo, na nina yakini kwamba aliliondoa bakuli lile kwa mkono wenye upendo. Bali nadai kwamba upendo unawajibika kutafuta sababu ya kweli hata ikiwa sababu hiyo iko katika kazi yake mwenyewe ambayo haijafanywa.

Asubuhi yake nilimwendea. Nilimwamkia, akanikaribisha kwenye mkeka, nikamwambia, “Mama, nimekuja kumwombea mkweo bakuli lake.” Alinitazama kwa muda mrefu. Nikamweleza habari ya damu inayoongezeka, na ya taabu inayoondoka yenyewe katika nifasi, na ya moshi. Hakukubali yote, wala sikutazamia akubali yote kwa mara moja. Alisema wazee hawakuwa wajinga, nami nikamwambia ni kweli, hawakuwa wajinga. Kisha akauliza swali lililoonyesha kwamba yeye ni mkunga kweli kweli: “Basi ni lini pua iliyoziba si ya kuachwa tu?” Nikamjibu kama nilivyofundishwa: pua ikiziba pamoja na homa, au maumivu makali ya uso na kamasi chafu yenye harufu, au mwenye mimba akikoroma kwa nguvu usiku, na pamoja na hayo uso na mikono ikavimba, kichwa kikauma, macho yakaona giza, au akichoka na kuhema kwa kazi ndogo, na viganja vyake na ndani ya kope vikawa vyeupe, hapo asikae nyumbani hata siku moja, apelekwe kituo cha afya akapimwe damu na shinikizo lake. Alirudia maneno hayo kwa sauti, moja moja, ili yasimpotee.

Kwa hiyo nawaomba mama wakwe, bibi na wakunga wa Lusangi, na wa Kasongo, na wa Kabambare, na nawaomba walimu wa misikiti na mapadri wa misioni ambao maneno yao husikilizwa jikoni kuliko wanavyodhani: mwenye mimba akizibwa pua, mtazameni viganja vyake kabla ya kulitazama bakuli lake, na bakuli mliloliondoa mrudishieni jioni ya leo, lingali la moto.